Cape Town winta: bustani, masanamu, na ghala la mahindi lililogeuzwa makumbusho

JUMAMOSI

Nimefika Cape Town jioni, jua linaishia nyuma ya mlima na upepo wa baharini unakata masikio. Ni Agosti 2023, kwao winta, na mtu aliyezoea joto la Dar ukitoka tu pale mlangoni uwanja wa ndege unajua umehama dunia. Dada alikuja kunipokea na mwanae, dogo kavaa koti mpaka magotini, ananiita mjomba na mi namwita mjomba, basi tukaenda hivyo hivyo mjomba mjomba mpaka kwenye gari.

Usiku tukapanga ratiba. Mi nilikuja na hamu ya vitu viwili, bustani za mji na yale makumbusho ya sanaa ya kisasa kule bandarini, Zeitz MOCAA, ambayo nilikuwa naishia kuyaona kwenye simu tangu yafunguliwe Septemba 2017. Kupanda Table Mountain kwa kebo nikasema wataenda wengine, dada akacheka, na upepo huu hata ukitaka hiyo kebo haiendi. Tukakubaliana Jumapili twende Kirstenbosch sababu dogo hana shule, halafu Jumatano ndo iwe siku yenyewe. Kwa nini Jumatano? Kwa sababu Jumatano asubuhi mpaka saa saba mchana mwenye uraia wa nchi ya Afrika anaingia Zeitz bure, unaonyesha kitambulisho tu. Dada keshaombea ruhusa kazini kabisa. Kaishi huku miaka mingi lakini kwenye hela ni mama yetu mtupu.

JUMAPILI

Kirstenbosch sio bustani ya kuzunguka nusu saa ukamaliza. Iko mgongoni mwa Table Mountain upande wa mashariki, eneo lote ni hekta 528, ila sehemu kubwa ya hapo ni mlima wenyewe na pori lake, inayolimwa na kupaliliwa ni sehemu ndogo. Ilianzishwa 1913 na wazo lake kwa wakati ule lilikuwa geni, maana bustani za wakoloni nyingi kazi yake ilikuwa kukusanya mimea ya duniani kote, hawa wakasema hapa tunapanda vya kwetu, vya kusini mwa Afrika. Na wana vya kupanda kweli. Yale maprotea makubwa yanachanua winta hii hii, na juu yake unakuta ndege mwenye mkia mrefu kuliko mwili anapigwa na upepo huku kang'ang'ania ua anafyonza, hataki kuachia. Dogo alisimama hapo mpaka tukamvuta.

Halafu tukafika kwenye lile ua linaitwa Mandela's Gold. Lile la kawaida lenye rangi ya chungwa mnalijua, hata kwetu limejaa kwenye hoteli na mbele ya maofisi, linachomoza pembeni kama kichwa cha ndege. Hili ni lile lile ila la njano, linatokea kwa nadra sana, na wataalamu wa hapa walikaa karibu miaka 20 wakilichavusha kwa mkono na kukusanya mbegu mpaka likawa la kutosha kugawia watu, na 1996 wakalipa jina la Mandela. Sasa tumefika, maua yamechanua vizuri, tunaona yamezungushiwa waya, wavu wa kuku kabisa. Dogo akauliza, "Mama, kwa nini Mandela wamemfunga tena?"

Dada alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Kumbe ni kindi. Hawa kindi wa kijivu wanatafuna lile ua na mbegu zake, ikabidi yavishwe waya. Na hao kindi sio wa hapa, asili yao ni Amerika ya Kaskazini, waliletwa Cape kutokea Uingereza na Cecil Rhodes, yule tajiri mkoloni wa Kiingereza. Ndiyo, huyo huyo wa Rhodesia. Shikilieni hilo jina maana hii safari tutakutana naye sana. Hata hilo eneo la Kirstenbosch lilikuwa lake, alilinunua 1895 na alipokufa 1902 akaliachia serikali, na ile njia yenye mikafuri mikubwa tuliyopita asubuhi ni yeye aliamuru ipandwe 1898. Yaani kaacha ardhi, kaacha kivuli, kaacha na panya wa mitini wa kula ua la Mandela.

Kitu kingine cha kutafuta ukienda ni uzio. Mwaka 1660 Jan van Riebeeck, mkubwa wa Waholanzi waliofika hapa kwanza, alipanda ukuta wa milozi pori kuzunguka makazi yao ili wenyeji wa hapa, Wakhoikhoi, na ng'ombe wao wasiingie. Na ng'ombe walikuwa wa Wakhoikhoi, malisho ya Wakhoikhoi, wageni ndo wamepanda uzio. Kipande cha uzio huo kipo mpaka leo ndani ya Kirstenbosch, matawi yamejikunja yamelala chini yameinuka tena, na ukisimama pale hujui mti mmoja unaishia wapi mwingine unaanzia wapi. Zaidi ya miaka 360 na bado uko hai. Nilikaa hapo muda kuliko kwenye maua yote. Dada aliniita mara kibao, we twende, mi nipo tu naangalia matawi.

Lile daraja la juu ya miti nalo ni zuri, mita 130 hivi, linapanda taratibu mpaka unajikuta mita 12 kutoka chini, uko sawa na vilele vya miti, na linanesa kidogo ukitembea. Wanaliita Boomslang, yaani yule nyoka wa mitini, sababu limejipinda pinda. Lilifunguliwa 2014. Dogo alirudia na kurudia, dada alipita mara moja akasema imetosha. Karibu na hapo kuna mimea ya sikadi, inafanana na mitende mifupi, na mmojawapo una kisa cha kusikitisha, Encephalartos woodii, ulipatikana mti mmoja tu msitu wa Ngoye kule KwaZulu mwaka 1895, nao ni dume. Jike halijawahi kupatikana mpaka kesho. Yote iliyopo duniani ni machipukizi ya lile dume moja. Dada akasema kuna kaka mmoja ofisini kwao anafaa kuletwa hapa aone mwenzie.

JUMATATU NA JUMANNE

Mvua. Mvua ya Cape Town ya Agosti haina radi wala fujo ila haikati, na juu ya mvua kulikuwa na mgao wa umeme, wenzetu mgao wao ulikuwa na ratiba kwenye simu mpaka dakika, saa kumi unakatika saa kumi na mbili na nusu unarudi, na kweli unarudi. Niliwaonea wivu kwenye mateso. Nimeshinda ndani nakunywa chai na kusoma.

JUMATANO

Kumekucha kweupe, mlima umetoka wote bila wingu. Dogo kaenda shule kanuna, mi na dada tukashuka mjini mapema. Saa mbili na nusu tupo Company's Garden.

Hii bustani iko katikati ya mji kabisa, huku bunge, kule makumbusho, kule kanisa kuu la Mtakatifu George ambalo Desmond Tutu alikuwa askofu mkuu wake. Pale mlangoni kuna tao la mbao la kumuenzi, boriti 14 zimepindwa zinakutana juu, kila moja inawakilisha sura ya katiba yao, na katiba hiyo ina sura 14. Ukipita chini yake ndo unaingia kwenye njia kuu ya mialoni. Agosti mialoni ipo uchi, matawi tu, na waridi zimekatwa zimebaki vijiti. Ukitaka maua njoo mwezi mwingine. Mi niliipenda hivyo hivyo, maana bustani ikiwa haina majani unaona vizuri ilivyopangwa na unaona masanamu yote.

Tuanze na kwa nini ipo. 1652, Kampuni ya Kiholanzi ya kufanya biashara na India ya mashariki, VOC, wanafika hapa na kazi moja kubwa, kupanda mboga. Meli zao zilikuwa zinatoka Ulaya kwenda Asia miezi na miezi, mabaharia wanakufa kwa kiseyeye, fizi zinaoza meno yanadondoka, kisa hawali kitu kibichi. Cape ilikuwa nusu njia. Maji yanashuka mlimani yenyewe, ardhi ipo, basi wakalima kabichi, karoti, malimau. Jina la bustani ndo hilo, bustani ya kampuni, shamba la mboga la kampuni ya meli. Na mji wote huu unaouona umeota pembeni ya tuta la mboga. Kuna sehemu wametengeneza upya bustani ya mboga ya mtindo wa zamani, matuta na mifereji, ilikuwa na spinachi nzuri ile asubuhi nikatamani kuchuma.

Kuna mti wa peasi unaaminika ndo mti wa kupandwa wenye umri mkubwa kuliko yote Afrika Kusini, wa zama hizo hizo za van Riebeeck. Usitegemee jitu. Ni mzee kaegemea nguzo za chuma, shina la kwanza lilishakufa, hayo ni machipukizi yake, lakini bado anazaa, hiyo asubuhi hakuwa na jani hata moja. Watu wanampita wanakimbilia kindi. Kindi ndo mastaa wa hii bustani, wanapanda mpaka kwenye suruali yako ukiwa na karanga, na wauza karanga wapo.

Tukamkuta sasa Rhodes mwenyewe. Sanamu ya 1908, mkono wa kushoto juu, kidole kaskazini, na chini imeandikwa kwa Kiingereza kwamba bara lenu liko kule. Ile ya Chuo Kikuu cha Cape Town wanafunzi waliipinga kidete mpaka ikang'olewa Aprili 2015, hii ya bustanini bado imesimama. Tunajadili na dada kwa Kiswahili, mara kijana wa usalama aliyekuwa karibu akageuka, "Weye kaka unatoka wapi? Tanzania?" Mkongo wa Bukavu! Nikafurahi ajabu, tukapiga stori kidogo, nikamuuliza huyu mzee vipi. Akamwangalia, akasema, "Huyu muzee iko anaonesha njia ya kwetu. Siku nikichoka huku nitafuata tu mukono yake."

Nimelirudia hilo neno siku nzima. Rhodes alinyoosha kidole kuwaambia wenzake waende wakachukue, mtu wa Kivu anakisoma kibao cha kurudia nyumbani.

Mbele kidogo, karibu na jumba la taifa la sanaa, kuna Jan Smuts kaketi. Mtanzania yeyote akifika hapa asimpite. Huyu ndo aliongoza majeshi ya Uingereza 1916 kutokea upande wa Kilimanjaro, Moshi ikachukuliwa, wakamfukuza Mjerumani von Lettow kushuka kusini, na waliobeba mizigo ya vita ile kichwani na kufa kwa njaa na magonjwa porini ni babu zetu, upande wa huku na upande wa kule. Pia kawa waziri mkuu wa huku Afrika Kusini mara mbili. Sasa hiyo sanamu, ya mchongaji Mwingereza Sydney Harpley, ilipozinduliwa 1964 watu walikasirika. Imekaa kisasa, shaba imeachwa na mabonde na mikunjo, sura haijalainishwa, kakaa anawaza. Wenyewe walitaka jenerali, wakapewa mtu wa udongo. Makelele yakawa mengi mpaka ikaja kutengenezwa nyingine ya kueleweka, iko chini mtaani, nitaifikia kesho.

Dada alikuwa ameshachoka masanamu. "Wote wanaume, wote wazungu, na wote hakuna hata mmoja anatabasamu." Kweli, nikahesabu kimoyomoyo, sikupata wa kumpinga naye.

Kabla ya kuondoka akanipeleka mtaa wa pembeni, Queen Victoria Street, nje ya jengo la mahakama. Kuna mabenchi mawili ya kawaida ya mbao. Moja limeandikwa kwa Kiingereza wazungu tu, lingine wasio wazungu tu. Ni kazi ya sanaa, imewekwa makusudi hapo, maana ndani ya jengo hilo ndimo walimokuwa wanasikiliza rufaa za watu kupangiwa rangi. Sheria ya 1950, enzi za ubaguzi wa rangi, ilitaka kila mtu aandikishwe yeye ni nani, na kama haueleweki unaitwa unaangaliwa, ngozi, pua, kuna waliokuwa wanachomekewa penseli kwenye nywele, ikidondoka wewe mweupe, ikibaki basi. Ndugu wa tumbo moja walitoka mule wana rangi mbili tofauti. Watu wanapita na kahawa zao, kuna mama kakaa kwenye lile la wazungu tu anafunga viatu vya mtoto, mama mwenyewe mweusi tii, hana hata habari na maandishi. Mi sikukaa kwenye lolote. Dada alikaa, kwenye lile lile la yule mama, akasema miguu inamuuma na historia itamsamehe.

Saa nne na kitu tukapanda basi la MyCiTi kwenda Waterfront.

Zeitz MOCAA unaiona kwa mbali, jengo la zege refu, mita 57. Lilikuwa ghala la nafaka. Lilimalizwa 1924, mahindi ya bara yanakuja kwa treni yanapandishwa humo yanasubiri meli, na enzi zake lilikuwa jengo refu kuliko yote kusini mwa Sahara. Lilifungwa 2001 likakaa tu. Ndani yake hakukuwa na vyumba, kulikuwa na mapipa 42 ya zege, marefu, yamebanana. Sasa utafanyaje makumbusho humo? Mbunifu Thomas Heatherwick na watu wake walichukua punje moja ya mahindi, wakaipiga skani kwenye kompyuta, wakaikuza mpaka ikafika urefu wa jengo la ghorofa karibu kumi, halafu wakakata umbo la hiyo punje katikati ya mapipa. Yaani walichonga hewa. Kabla ya kukata ikabidi wamwage zege jipya ndani ya mapipa, la zamani peke yake lingeporomoka.

Ukiingia shingo inapinda yenyewe. Mapipa yamekatwa mshazari, unaona midomo yao imeachama juu yako, na kwenye mkato unaliona lile zege la zamani lenye kokoto na lile jipya laini limelivaa ndani. Lifti inapanda ndani ya pipa. Ngazi za mzunguko ziko ndani ya pipa. Nilipiga kelele kidogo kusikia mwangwi, dada akanifinya.

Foleni ya bure ilikuwepo ila inaenda. Nimetoa pasi ya Tanzania, dada wa mapokezi kaitazama, akanikaribisha. Nyuma yetu kulikuwa na watalii wa Ulaya wanalipa, na mi nakatiza bure kwa sababu ni Mwafrika, nikajikuta natembea kifua mbele hadi dada akaniambia acha ushamba.

Sasa maonyesho yenyewe. Tuliwahi kwa bahati, maana yalikuwa yanaishia mwanzoni mwa Septemba, "When We See Us", kazi zaidi ya 200 za wachoraji weusi wa Afrika na wa ng'ambo, karne nzima ya watu weusi kuchora watu weusi. Waliyapanga Koyo Kouoh, Mkameruni aliyeiongoza hii makumbusho kuanzia 2019 mpaka alipofariki Mei 2025, na Tandazani Dhlakama. Hawakupanga kwa miaka wala kwa nchi, wamepanga kwa mambo sita: maisha ya kila siku, furaha na sherehe, pumziko, mahaba, imani, ushindi na ukombozi. Na muziki wa Neo Muyanga unapita chini chini kila chumba na wake.

Ukishazoea sanaa ya kuhusu watu weusi unajiandaa. Minyororo, damu, risasi, mama analia. Humu hakuna hiyo. Kuna watu baa Kinshasa wanacheza, za Moké, mchoraji aliyezipenda baa za mji wake kuliko kitu chochote. Kuna wa zamani wa huku kwao, Gerard Sekoto na George Pemba, watu wa mitaani na shughuli zao. Kuna watu wanakula, wanasukana, wamekaa tu sebuleni.

Chumba cha pumziko ndo kiliniweka. Kuna ya Zandile Tshabalala, binti wa Soweto aliyezaliwa 1999, wanawake wawili wamejilaza, wanakuangalia na wala hawana mpango wa kuinuka kukupisha. Nikakumbuka lile benchi la asubuhi. Dakika chache kutoka hapa mtu mweusi kukaa tu, kuweka makalio chini akapumzika, ilikuwa inahitaji kibao. Na kwenye bustani nzima ile waliopewa kukaa juu ya jiwe daima ni akina Smuts. Humu ukuta mzima wetu tumelala. Sikumwambia dada kitu, nikamkuta naye kakaa kwenye benchi la katikati ya chumba kavua viatu.

Halafu bwana nikakutana na Sungi Mlengeya! Mtanzania mwenzetu, alikuwa anafanya kazi benki akaacha akaingia kuchora, hakusomea darasani. Staili yake ukiiona mara moja huisahau, mwanamke mweusi juu ya turubai jeupe pe, na nguo nazo nyeupe, kwa hiyo nguo inapotelea kwenye turubai unabaki na uso, mikono, shingo, miguu, vinaelea. Macho yako ndo yanamalizia gauni. Nilisimama hapo nikamwambia mtu nisiyemjua, baba mmoja wa Kizungu na kofia yake, huyu ni wa kwetu. Akasema hongera. Nikasema asante, utadhani nimechora mimi.

Saa sita kamili tulikuwa paani, na ghafla BUUM. Nikainama. Watu wa huko hata hawakutikisika. Ni mzinga wa Signal Hill, unapigwa kila siku saa sita isipokuwa Jumapili na sikukuu, tangu 1806, zamani meli bandarini zilikuwa zinarekebisha saa zao kwa huo mlio. Paani ndo kuna bustani nyingine, ya masanamu, na vioo vya kufunika midomo ya yale mapipa vimechorwa alama na El Loko, marehemu, mchoraji wa Togo, herufi alizozibuni mwenyewe. Unaweza kutembea juu ya vioo hivyo, chini yako ni pipa tupu mpaka huko. Dada hakukanyaga hata kwa fimbo. Alinishikia begi akasimama kwenye zege, akawa ananihadithia kwamba mwaka wa korona, Oktoba 2020, hawa jamaa waliwaambia wakazi wa mji leteni picha na sanaa zenu za nyumbani tuzitundike, zikaja karibu 2,000, na jirani yake naye akabeba picha ya mama yake kutoka sebuleni ikatundikwa humu Zeitz. Jirani mpaka leo akigombana na mumewe anamkumbusha.

Nina neno moja la kulaumu. Jengo ni zuri mno. Kuna vyumba nilijikuta natazama kona ya ukuta badala ya picha, na vile vyumba vyenyewe ni vya kawaida, vyeupe vya mraba, ukitoka kwenye ile punje ukiingia mle unahisi umetoka msikitini umeingia ofisi ya kodi. Ila dada anasema picha inataka ukuta ulionyooka, haitundikwi kwenye pipa, na hapo ana hoja.

Tukamalizia na gatsby, mkate mrefu umejazwa chipsi na nyama na achari, wa watu wanne, tulikuwa wawili, haukubaki.

ALHAMISI

Dada kazini, nimeshuka mjini mwenyewe nikaahidi kuonana naye saa kumi. Nimeenda Slave Lodge, jumba linaloshikana kabisa na bustani ya jana, na jana tulilipita bila kuingia. Lilijengwa 1679 kuwalaza watumwa wa Kampuni. Mpaka 1811 walipita humo watu karibu 9,000, wametolewa Madagaska, Msumbiji, India, visiwa vya Indonesia, na pwani yetu ya Afrika Mashariki pia. Mchana wengine wao ndo walikuwa wanalima ile bustani. Yale matuta ya kabichi, ile mifereji, wenye majembe walikuwa wanalala hapa kwenye jumba lisilo na madirisha ya nje.

Kuna nguzo ya mwanga ndani, imezungushiwa majina yao. Wengi walinyang'anywa majina wakapewa ya mwezi waliofika au kuuzwa, kuna akina Februari, akina Septemba, na pembeni wa Msumbiji, wa Malabar, wa Madagaska. Jioni nikamweleza dada, akaniambia sasa ndo umeelewa kwa nini bosi wangu anaitwa Bi September.

Saa kumi tukakutana hapo hapo nje, kwa sababu mlangoni mwa Slave Lodge ndipo walipomsimamisha yule Smuts wa pili, wa 1974, wa Ivan Mitford-Barberton. Huyu sasa anaeleweka, kasimama, magwanda ya kijeshi, kanyooka. Dada akamzunguka akasema huyu ndo sanamu, kama wa kuchongwa achongwe hivi, angalau unajua unamchukia nani. Mi nikasema hapana, yule wa bustanini ndo mtu, huyu ni sare imesimama, na ukitaka kumuuliza kuhusu wapagazi wa Moshi utamuuliza yule aliyekaa. Akasema we umeingia Zeitz siku moja tu unajifanya profesa. Tumebishana mpaka kituo cha basi, basi la kwanza likatupita, tukalisubiri la pili tukiwa bado tunabishana, na dogo nyumbani alipoulizwa aamue akasema yeye anamtaka yule kindi.